Yule "nyoka" mwenye pete nyeusi katika mchanga wa Bamburi

Swali: Assalamu alaykum. Wakati wa bamvua iliyopita, maji yalipokupwa, nilitembea na watoto upande wa Bamburi kuelekea mwambani. Kwenye maji ya kufika kifundo cha mguu tulimwona nyoka mweupe mwenye pete nyeusi, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, akipita katikati ya majani. Tulipomsogelea aliingia mchangani kinyumenyume, mkia ukitangulia, akatoweka. Kijana mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alitaka kumchoma, akisema huyo ni nyoka wa sumu. Jirani yangu, ambaye ni mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, naye akasema amewahi kumkuta mmoja amejikunja ndani ya tumbo la tewa, tena nje ya utumbo, na tangu siku hiyo akikuta hivyo humtupa samaki mzima. Je, ni nyoka au ni samaki? Ana sumu? Na aliingiaje mle tumboni?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Mliyemwona ni samaki, hana sumu ya kung'ata, na kwa maelezo uliyoyatoa sina shaka kwamba ni mkunga wa mchangani anayejulikana kitaalamu kwa jina la Myrichthys colubrinus. Jambo lililonisaidia zaidi katika barua yako si zile pete nyeusi, bali ni maneno yako kwamba aliingia mchangani mkia ukitangulia. Hakuna nyoka wa baharini afanyaye hivyo. Mkia huohuo, kama utakavyoona, ndio unaolijibu pia swali la jirani yako kuhusu tewa, na kwa hiyo nitauzungumzia kwa urefu.

Tuanze na nyoka, kwa sababu hofu ya yule kijana haikutoka hewani. Nyoka wa baharini wapo, na wana sumu kali. Lakini katika pwani yote ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia hadi kusini, anapatikana nyoka wa baharini wa aina moja tu, Hydrophis platurus, na huyo hana pete. Mgongo wake ni mweusi, tumbo na ubavu wake ni wa manjano, na mkia wake ni bapa kama kafi, wenye madoa meusi juu ya rangi ya manjano. Makazi yake ni bahari kuu, ambako huelea kwenye mikondo penye povu na takataka, akivizia samaki wadogo wanaojificha chini ya vitu vinavyoelea. Huzaa watoto hai humohumo baharini na hana haja yoyote ya nchi kavu. Akionekana ufuoni, basi amesukumwa na upepo na mawimbi. Mara nyingi huwa amechoka au amekufa, na juu ya mchanga mkavu hawezi kutambaa ipasavyo. Huyo msimguse hata akionekana amekufa, na mtu aking'atwa apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kuona kama atapata maumivu, kwa kuwa jeraha lenyewe huweza kuwa dogo na lisiume sana mwanzoni.

Nyoka wa baharini mwenye pete nyeusi yupo pia duniani, ila si huku kwetu. Anaitwa Laticauda colubrina, na makazi yake yanaanzia upande wa Ghuba ya Bengali, yanapita Indonesia na Ufilipino, hadi visiwa vya Pasifiki ya magharibi. Huyo hupanda mawe na fukwe kutaga mayai na kupumzika, na picha zake ndizo zinazosambaa sana kwenye simu. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya hofu ya "nyoka wa pete" hapa Mombasa inatokana na picha hizo, ambazo huletwa bila kusemwa zimepigwa bahari gani. Kwa hiyo kanuni ambayo ningependa wazazi na watafuta pweza waishike ni hii: katika maji yetu ya ndani ya mwamba, mwenye pete nyeusi na nyeupe mwili mzima ni mkunga.

Mkitaka kuhakikisha bila kumgusa, simameni hatua mbili tatu kutoka kwake na mtazame mambo machache. Kwanza mkia: wa mkunga wa mchangani hauna pezi la mwisho, bali umechongoka na kuwa kama kigumba kigumu, ilhali wa nyoka wa baharini umelazwa kuwa bapa ili uogelee. Halafu mgongo: mkunga ana pezi refu na fupi kwa kimo, linaloanzia juu ya kichwa chenyewe na kwenda hadi karibu na ncha ya mkia, na akitulia kwenye maji safi utaliona likipepea. Nyoka hana pezi hata moja. Ngozi ya mkunga huyu haina magamba, ni laini na ina ute, wakati nyoka ana magamba mwili mzima. Nyuma ya kichwa chake kuna tundu la matamvua kila upande pamoja na pezi dogo sana la ubavuni, na kwenye pua kuna vijibomba viwili vinavyoelekea chini. Kubwa zaidi ya yote, nyoka hupumua hewa, na ijapokuwa anaweza kukaa chini ya maji kwa muda mrefu, lazima apande juu. Kiumbe anayejifukia mchangani chini ya maji na kukaa humo mchana kutwa hawezi kuwa nyoka wa baharini.

Sasa nirudi kwenye mkia. Mikunga wa mchangani ni ukoo mkubwa, Ophichthidae, wenye aina zaidi ya 300 katika bahari za joto na zile za wastani, na wengi wao watu hawawaoni kamwe kwa sababu maisha yao yako chini ya mchanga na matope. Katika tawi ambalo Myrichthys amo, pezi la mkia limetoweka kwa nje, mifupa ya mwisho ya mkia imeshikamana na kuwa imara, na ngozi ya ncha ni ngumu. Mkunga anapotishwa huinamisha ncha hiyo, huichomeka mchangani, kisha huusokota mwili kushoto na kulia huku akirudi nyuma, na kila msokoto huulegeza mchanga na kuingiza sehemu nyingine ya mwili. Ute wa ngozi hupunguza msuguano. Kutokuwa na magamba humsaidia pia, kwa sababu hakuna kingo za kunasa chembe za mchanga anaporudi nyuma. Faida ya kutanguliza mkia ni dhahiri: kichwa kinabaki juu hadi mwisho, macho yakimtazama adui na mdomo ukipata maji safi. Wapo jamaa zake wanaoweza kuchimba kwa pande zote mbili; Pisodonophis boro, ambaye hupenda matope ya mito na maji ya chumvi kidogo, na ambaye huko Asia ya Kusini huingia hadi kwenye mashamba ya mpunga, huweza kuanza kwa kichwa au kwa mkia kadiri anavyotaka.

Pengine utajiuliza anapumuaje humo. Hunyonya maji kwa mdomo na kuyatoa kwa matundu ya matamvua yaliyo chini ubavuni, na mara nyingi huacha ncha ya pua au kichwa kidogo nje ya mchanga. Kooni mwa mikunga hawa kuna vijifupa vyembamba vingi vinavyopishana na kuunda tenga, na tenga hilo hulizuia koo lisibanwe na uzito wa mchanga wakati linapopanuka na kusinyaa kusukuma maji. Vijibomba vya pua navyo vina kazi yake, maana vikielekea chini huweza kunusa sakafu ya bahari bila kujaa mchanga.

Na kwa kweli pua ndiyo inayomlisha. Huyu mliyemkuta ana macho madogo na haoni mbali, lakini akianza kuwinda, hasa usiku, hupita taratibu juu ya mchanga na katikati ya majani ya bahari, akitia pua katika kila kishimo, kila ufa na kila shina, hadi apate harufu ya kaa mdogo au samaki aliyejificha. Meno yake hayakuchongoka, ni butu, ya kupondea magamba ya kaa na kamba. Katika bahari ya Brazili jamaa yake wa karibu, Myrichthys ocellatus, ameonekana akifuatwa na tewa wadogo wanaosubiri kile kitakachokurupuka mbele yake; nanyi mkimwona wetu akiwinda, tazameni pembeni, huenda mkamwona mfuasi. Kwamba mlimkuta mchana si ajabu, kwani aina hii huonekana mchana mara nyingi kuliko ndugu zake, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi nyasi za bahari kubaki kwenye vidimbwi, windo lake hubanwa mahali padogo.

Ukubwa mliomwona ni wa kawaida. Hufika karibu mita 1, akiwa na pete 25 hadi 35 hivi, na wengine huwa na madoa meusi kati ya pete na pete, jambo linalowafanya watu wadhani ni aina nyingine. Makazi yake ni hayahaya mliyopita: mchanga na majani kati ya ufuo na mwamba, Nyali, Bamburi, Shanzu na kwingineko penye mandhari kama hayo. Tena si wa kwetu peke yetu, kwa maana anapatikana kutoka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Polinesia katikati ya Pasifiki.

Mtu huuliza vipi samaki asiyeogelea mbali, anayeishi kwa kujifukia, ameenea katika bahari mbili kubwa. Jawabu liko utotoni mwake. Mikunga wote hupitia hatua ya lava ambayo haifanani hata kidogo na mzazi: ni bapa, ina umbo la jani, na mwili wake una uangavu kiasi kwamba maandishi yanaweza kusomeka kupitia kwake. Lava huyo huelea bahari kuu kwa miezi, akichukuliwa na mikondo, kabla ya kusinyaa, kuwa mviringo na kushuka mchangani. Zamani wataalamu walidhani ni aina ya samaki inayojitegemea, wakaipa jina lake, hadi Mfaransa Yves Delage alipomfuga mmoja mwaka 1886 na kumwona akigeuka kuwa mkunga. Pwani ya Kenya inapitiwa na mkondo unaotoka kusini kwenda kaskazini, ambao wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka, na yote mawili hugeukia mashariki kuingia bahari kuu. Mtoto wa mkunga aliyeanguliwa katika maji yetu anaweza, kwa njia hiyo, kukulia mbali sana na hapa, na mliyemwona Bamburi huenda hakuzaliwa Kenya.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo binafsi hunivutia kuliko yote. Vitabu vingi husema kwamba mkunga huyu anamwigiza nyoka Laticauda ili maadui wamwogope, na huko Indonesia au Fiji, ambako wote wawili huishi mahali pamoja, hoja hiyo ina nguvu. Lakini sisi hatuna Laticauda. Bahari ya Shamu haina nyoka wa baharini kabisa, na bado mkunga wa pete yupo huko, pete zake zilezile. Anamtisha nani, basi? Wapo wanaosema kwamba pete humvunja umbo katikati ya vivuli vya majani, hivyo zina faida hata pasipokuwa na nyoka wa kuigwa. Maoni yangu ni kwamba yote mawili yana sehemu yake, lakini uzito mkubwa ningeuweka kwenye lava: ikiwa watoto huchanganyika katika bahari nzima kizazi baada ya kizazi, vazi lililopata faida mashariki litaendelea kuletwa magharibi hata kama huku halina wa kumwogopa. Isipokuwa binadamu, bila shaka, na kwa binadamu vazi hilo limemgeukia, kwa sababu badala ya kumkimbia tunamtafutia mkuki.

Kuhusu sumu, nifafanue, kwa kuwa neno hilo lina mambo mawili ndani yake. Sumu ya kung'ata hana. Akishikwa na kubanwa anaweza kuuma kama samaki yeyote, na kwa meno yake butu mtabaki na alama tu. Ila sisemi hivyo kuhusu ukoo wote, kwa maana wapo mikunga wa mchangani wa jamii ya Brachysomophis, wavizia samaki wanaoacha kichwa tu juu ya mchanga, ambao wana meno marefu yaliyochongoka. Wala sisemi hivyo kuhusu mikunga wa mwambani, ambao jeraha lao huwa baya na huoza haraka. Jambo la pili ni la jikoni: damu mbichi ya baadhi ya mikunga ina protini yenye madhara ikiingia jichoni, kwenye kidonda au tumboni, na protini hiyo huharibika ikipikwa. Anayechuna mkunga wa aina yoyote na anawe mikono vizuri, asijiguse macho.

Kama ni usalama wa watoto kwenye maji ya kupwa, ningewahangaikia zaidi samaki aitwaye taa, anayejifukia mchangani akiacha mwiba wa mkia, wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu inayovunjikia nyayoni, na konokono wenye jumba lenye umbo la koni, ambao ni wazuri kuokota na wana sumu ya kweli. Wavae viatu, waburute miguu badala ya kuinua na kukanyaga, wasiokote konokono walio hai.

Sasa tewa wa jirani yako. Alichokiona ni cha kweli, na nimefurahi kwamba umeandika "nje ya utumbo", kwa sababu hapo ndipo ilipo maana. Tewa humeza windo zima. Akimmeza mkunga wa mchangani akiwa hai, mkunga huyo huwa bado ana silaha moja ya kujaribu, nayo ni ule mkia mgumu. Hufanya ndani ya tumbo kile afanyacho mchangani, akisukuma ncha kinyumenyume mpaka itoboe ukuta wa tumbo, na mwili ufuate. Bahati mbaya yake ni kwamba upande wa pili hakuna bahari, kuna nafasi iliyofungwa kati ya matumbo na mbavu za tewa. Hana maji ya kupumua humo, na akishindwa kupenya nje hufa humo, wakati jeraha la tumbo la tewa mara nyingi hujifunga na maisha yake yakaendelea. Mwili wa tewa humzungushia mgeni huyo utando, akakauka, akawa mweusi au wa kahawia, amejikunja au amebanwa kwenye ini na matumbo. Wataalamu wameyaona haya kwa samaki walaji wa aina nyingi, katika bahari ya Australia, katika Ghuba ya Meksiko na kwingineko, na mwanzoni wengine walidhani mikunga hao ni vimelea wanaoishi kwa kunyonya samaki. Si vimelea. Ni windo lililokaribia kuokoka.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumtupa tewa mzima. Mkunga aliyekauka ndani hakuingiza sumu yoyote kwenye nyama. Jirani yako amtoe pamoja na utando wake, aondoe matumbo, aoshe nafasi ya ndani kwa maji safi, kisha amwangalie samaki kama anavyomwangalia mwingine yeyote: matamvua mekundu, jicho angavu, nyama inayorudi ikibonyezwa, harufu ya bahari na si ya uozo. Akiyapata hayo, amkaange. Nyama iliyogusana moja kwa moja na mkunga ikiwa imebadilika rangi, aikate sehemu hiyo tu. Najua mteja akiona kitu kama nyoka kwenye beseni biashara imekwisha siku hiyo, na kwa sababu hiyo tu ningemshauri apasue samaki nyumbani kabla ya kutoka, wala si mbele ya foleni.

Na yule kijana wa pweza umwambie kwamba hana faida ya kumchoma mkunga huyu: nyama yake ni kidogo na hana soko. Zaidi ya hayo, eneo mlilokuwa linapakana na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya sehemu iliyofungwa kabisa kwa uvuvi hairuhusiwi kuua wala kuchukua kiumbe chochote, awe ni wa kuliwa au la. Akinaswa kwenye wavu, mchoteni pamoja na maji kwa ndoo na mumwage mahali penye mchanga, si juu ya mawe, maana juu ya mawe hana pa kuuchomeka mkia.

Mkirudi tena wakati wa bamvua na mkamkuta mwingine, chukueni picha ya kichwa na ya mkia kabla hajazama. Akiwa na madoa meusi ya mviringo badala ya pete, huyo ni binamu yake, Myrichthys maculosus, mpole kama yeye. Akiwa mnene, wa kahawia iliyoiva, mwenye mistari myembamba myeupe, na anaingia kwenye ufa wa jiwe kwa kichwa badala ya mchangani kwa mkia, mtakuwa mmempata mkunga wa mwambani anayeitwa Gymnomuraena zebra, naye pia ni mla kaa mwenye meno butu, lakini huyo msimtilie mkono shimoni kwa sababu shimo moja la mwambani mara nyingi lina mkunga zaidi ya mmoja, na wa pili anaweza kuwa mwenye meno makali.